Malalamiko kuhusu programu ya kuiga mota ya kigari cha magurudumu mawili

Karakana ya Umeme,
Kondele, Kisumu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: PROGRAMU YA UIGAJI INAYOPOTOSHA

Tulinunua kwenu vifaa vya kuundia kigari cha magurudumu mawili kinachojisimamisha chenyewe: mota mbili za volti 12, sensa ya mwinamo, na programu ya kuiga mwendo wake kwenye kompyuta. Vifaa vilifika salama. Programu ndiyo inayotusikitisha.

Kwenye skrini kigari hakianguki kamwe; ukikisukuma kinayumba, kisha kinatulia. Hesabu hizo hizo za kukisimamisha tukizipakia kwenye kigari chenyewe, kinasimama vizuri pale kilipo, lakini kikishashika kasi kinaanguka kifudifudi. Wanafunzi wangu wamekesha wakitafuta kosa ambalo si lao. Hilo limeniuma.

Tulipofungua jedwali la matokeo tuliona programu inaipa mota mkondo wa umeme wa ampea 20 wakati wowote ikiutaka. Mota yenu tumeipima: ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia mkondo wa umeme, ni omu 2.4. Kwa volti 12, ikiwa imesimama tuli, haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 5. Tena mota ikizunguka huzalisha volti zake zinazopinga zile za betri. Ikifikia kasi ya kuzalisha volti 9, zinabaki volti 3 tu za kusukuma, yaani ampea 1.25. Kwa hiyo nguvu ya kuzungusha gurudumu hupungua kadiri kasi inavyopanda, na hapo ndipo kigari kinapoihitaji zaidi, ili magurudumu yawahi kuingia chini ya uzito ulioinama. Programu yenu haina hata mahali pa kuandika ukinzani. Ulegevu wa meno ya gia nao haumo.

Jambo hili huumiza watu. Mwaka 2003 huko Marekani, mashine takriban 6,000 za Segway, vyombo vya magurudumu mawili vinavyojisimamisha na kubeba mtu, ziliitwa zirekebishwe kwa sababu betri ikikaribia kuisha, mota zingeweza kukosa nguvu na aliyepanda akaanguka. Vijana hawa wanataka kuunda chombo cha kubeba mtu.

Tunaomba mtutumie vipimo kamili vya mota na gia zake, na mrekebishe programu ifuate kikomo cha betri. Mkishindwa, turudishieni fedha za programu. Mota tutabaki nazo, ni nzuri. Vipimo vyetu na video ya kigari kikianguka tumeviambatisha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa karakana