YAH: MALALAMIKO KUHUSU INTANETI YA NYUMBANI INAYOKATAKATA USIKU

Ilomba, Mbeya
8 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani tangu Novemba mwaka jana. Nalipa shilingi 70,000 kila mwezi, sijachelewa hata siku moja, na risiti zote ninazo kwenye simu. Tangu Machi nimepiga namba yenu ya huduma mara kumi na moja. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikianza kueleza naulizwa, "Je, YouTube inafunguka?" Inafunguka. Basi dada ananiambia huduma iko sawa, ananitakia siku njema, na lalamiko linafungwa.

Nina miaka 31, nauza spea za bajaji na bodaboda pale Kabwe. Gemu la mpira nilianza nikiwa sekondari, kwenye kibanda kimoja cha Mwanjelwa chenye PlayStation 2 mbili na televisheni za kichogo. Aliyefungwa ananyanyuka, mshindi anabaki. Mechi ilikuwa shilingi 200, na kwa kuwa sikuwa na mia mbili nyingi, nilijifunza kutofungwa. Baadaye biashara ikakaa vizuri msimu mmoja, nikanunua PlayStation 4 ya mtumba na kuhamia eFootball, ambayo unaipakua bure, ndiyo maana vijana wengi wa huku tumeikimbilia. Unaanzia Divisheni ya 10 na kupanda kwa kushinda. Ya 7 nilikaa karibu mwaka mzima, nikaamini akili yangu imeishia hapo. Kilichonitoa ni kurudia kuangalia mechi nilizofungwa, usiku watu wamelala, huku nikiandika nyuma ya daftari la madeni ya dukani: "Unamtoa beki wa kati nje. Acha." Desemba, mwezi mmoja baada ya kufunga ruta yenu, niliingia Divisheni ya 3. Sina chuki na nyie. Miezi ile ya mwanzo niliwasifia mpaka majirani zangu wawili nao wakafunga, na sasa wakiniona asubuhi wananiangalia kwa jicho fulani.

Wakala wenu alipokuja alitoa simu, akapima kasi, ikasoma Mbps 22, yaani megabiti 22 kwa sekunde. Akasema, "Hii kaka ni ya magemu kabisa." Kipeperushi chenu nacho kimeandikwa hivyohivyo, na picha ya kijana aliyevaa hedifoni anacheka.

Hapo ndipo tunapopishana. Gemu halina shida na Mbps 22. Taarifa zinazokwenda na kurudi wakati wa mechi ni kidogo sana, hata Mbps 2 zinatosha na chenji inabaki. Linalotaka ni taarifa hizo ziende na kurudi haraka, kwa muda uleule kila mara, bila nyingine kupotea njiani. Huo muda ndio tunaouita pingi, unahesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. YouTube ni kama nyumba yenye simtanki juu ya paa: bomba likikatika dakika mbili tatu, ndani watu wanaoga na hawajui kitu, maana video imeshajichotea akiba. Mimi nakinga moja kwa moja bombani. Likikohoa tu, nabaki na sabuni machoni.

Umbali siwalaumu. Najua seva za magemu mengi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Pingi ya 150, hata 180, naicheza, nimezoea kubonyeza pasi mapema kidogo. Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika na nchi nzima ikahangaika, nilikuwa mtandao mwingine na sikumpigia mtu simu. Ninalolalamikia mimi liko nchi kavu. Kuanzia tarehe 9 hadi 29 Juni nimepima kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kutoka kwangu mpaka kituo cha kwanza cha mtandao wenu wenyewe. Asubuhi ni milisekunde 30 au 40. Saa tatu usiku, kituo kilekile, ni 400, siku nyingine 900, na katika kila vipimo 100 ninavyotuma, 8 hadi 14 havirudi kabisa. Mwanga ndani ya waya wa fiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam na kurudi, safari yenyewe ni kama milisekunde 10. Hizo mia nne zinalala wapi?

Fundi wenu mmoja, kijana muungwana, alinijibu kwa sauti ya chini akiwa juu ya ngazi: mnara wa huku mmewauzia watu wengi kuliko unavyobeba, na saa tatu usiku wote wamejifungia ndani kwa baridi. Tafadhali msimtafute. Ni yeye peke yake aliyewahi kunijibu nilichouliza.

Sasa Jumamosi, tarehe 28 Juni. Vijana wa huku waliandaa mashindano ya mtandaoni ya mtoano, watu 32, kiingilio 5,000, mshindi anaondoka na laki moja. Nilifika nusu fainali nikakutana na kijana wa Tunduma, ambaye PlayStation yake anaiunganisha kwa bando la simu. Nilikuwa naongoza 2-1. Nimevaa kabuti na soksi pea mbili, na kila mpira ukitoka napasha vidole kwenye kikombe cha chai. Dakika ya 83 alipiga kona. Mpira ukapaa, ukaganda hewani juu ya vichwa. Kipa wangu mikono juu, beki wangu kasimama kwa mguu mmoja. Nikageukia ruta: taa ya tatu imetoka kijani, imekuwa nyekundu. Mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa pembeni ndani ya blanketi, akauliza, "Baba, wamechoka?"

Baada ya sekunde kama ishirini yakaja maandishi kwamba nimepoteza muunganisho. Kanuni inasema anayekatika kafungwa 3-0. Kijana akanitumia ujumbe wa sauti: "Pole kaka yangu, ulikuwa umenibana. Ila kanuni ni kanuni." Sikuwa na la kumjibu, maana mwaka juzi, kabla sijawa mteja wenu, niliwahi kumwambia mtu mwingine maneno hayohayo.

Juni peke yake nimekatika katikati ya mechi mara 17. Niko Divisheni ya 5.

Nilipomsimulia hayo dada wa huduma kwa wateja, akaniambia, "Lakini kaka, si ni gemu tu?" Mwambieni kwamba Desemba 2024 FIFA ilifanyia Riyadh Kombe lake la Dunia la eFootball, na Indonesia wakabeba la konsoli, yaani la wanaocheza kwenye mashine kama PlayStation. Sisemi nitafika huko. Mimi ni mchezaji wa baada ya kufunga duka. Ila ile 70,000 yangu, mkiipokea, hamjawahi kuniambia ni hela tu.

Ninaomba mtu anayeuelewa mtandao, na siyo anayesoma karatasi ya maswali, aangalie mzigo wa mnara unaohudumia Ilomba kati ya saa mbili na saa tano usiku na kuniandikia alichokiona. Naomba nirudishiwe nusu ya malipo ya Aprili, Mei na Juni. Asubuhi na mchana huduma nimeipata, siwezi kusema uongo. Kama mnara hauongezewi uwezo, basi niruhusiwe kurudisha ruta bila ile faini ya shilingi 120,000 ya kuvunja mkataba. Na lile neno "magemu" liondoeni kwenye kipeperushi, au muandike pingi ya saa tatu usiku karibu nalo.

Nawapa siku 14. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya na najua mteja anatakiwa aanzie kwa mtoa huduma wake kwanza. Barua hii ndiyo kuanza kwenyewe. Nimeambatanisha nakala za kurasa sita za daftari langu la vipimo. Kwenye ukurasa wa nne kuna deni la mtu la pleti za klachi, mliruke.

Mkitaka kunipigia, nipigieni mchana nikiwa dukani. Usiku niko nyumbani kwenye intaneti yenu, na simu ya WhatsApp haisikiki.

Wenu,
Mteja wa Ilomba
(namba ya akaunti iko juu ya bahasha)