Mwanaidi, usirudi kwanza

Assalaam aleykum shoga yangu. Habari za huko Umeå, Uswidi, baridi, masomo, afya? Sie huku hatujambo wote alhamdulillah, mama anakusalimu, Bi Rehema anakusalimu sana na anauliza zile soksi zinatosha au aongeze, Kassim hatimaye kapata kazi bandarini na sasa hashikiki. Vuli imeanza vizuri, dukani Muheza watu wamejaa asubuhi mpaka jioni wanataka mbolea ya kupandia na miguu yangu imevimba, lakini leo sikuandikii habari za miguu.

Nakuandikia kwa ajili ya ile voisi. Nimeisikiliza mpaka nimeijua kwa moyo. Unasema umechoka, jua linazama saa nane mchana, unakaa na hadubini kutwa nzima unahesabu pete za ukuaji, moja kwa kila mwaka, ndani ya vijiti vyembamba kuliko kidole cha mtoto na hujui kazi hiyo inamsaidia nani huku Tanga, halafu mjomba naye kakupigia kukwambia yaleyale, mtoto wa pwani asomee vichaka vya barafuni vya nini, si bora angesomea mkonge. Mwenzangu, mjomba namheshimu, kanisaidia mengi, ila kwa hili hapana. Na wewe usikate tiketi kabla hujaisoma hii mpaka mwisho.

Yale mafaili uliyonitumia kabla ya Ramadhani nimeyasoma. Mengine nimesoma na kamusi pembeni, bando limeisha nikaweka jingine, lakini nimesoma, maana mie nauza mbolea Mwanaidi, na jambo lenu lile ni la mbolea tupu.

Hebu nikwambie. Juzi kaja mzee mmoja kutoka Mkuzi kanyanyua jani la muhindi mbele ya kaunta, jani la chini, umanjano umeanzia nchani ukaingia ndani kwa kufuata mshipa wa katikati, kingo bado kijani. Hata sikumuuliza kitu, nkamwambia mzee wangu hii ni njaa ya nitrojeni, ingekuwa zambarau pembeni ningekwambia fosforasi. Sasa hukohuko kwenu nako kuna njaa hiyohiyo! Mie nilidhani hivyo vichaka vyenu vya Aktiki, kule kaskazini kabisa ya dunia, ni vifupi kwa sababu ya baridi basi, kumbe baridi inapitia mlango mwingine, chakula kimejaa tele kwenye udongo ila kimefungwa ndani ya majani na mizizi ya zamani isiyooza, kwa sababu vijidudu vya kuozesha vinafanya kazi polepole mno kwenye ubaridi. Joto likipanda vijidudu vinachangamka, nitrojeni inaachiwa, kichaka kinakula kinapanda. Kwa hiyo anayeuliza kichaka kimekua kwa joto au kwa mbolea inabidi aulize vyote viwili pamoja, na hapo ndipo nilipokuelewa kwa nini msimamizi wako anakutaka upime udongo kila penye kichaka.

Na ile kazi ya ziwa Toolik, Alaska, ndiyo iliyoninyima usingizi. Watafiti wameweka mbolea kwenye vipande vya tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, tangu 1981, kila mwaka gramu 10 za nitrojeni na gramu 5 za fosforasi kwa mita moja ya mraba. Nikachukua kalkuleta ya dukani nikapiga hesabu kwa lugha yangu, ni kama mfuko mmoja na robo tatu wa urea na mifuko miwili ya TSP, ile ya fosforasi, kwa ekari. Hiyo si mbolea ya ajabu, mkulima wa mahindi mwenye uwezo anaweka hivyo! Na matokeo yake ile Betula nana yako, kamti kenye majani kama shilingi, ikaacha kutambaa ikatoa matawi marefu, ikafunika nyasi zote na vile vimea vidogo vya chini ikavinyima jua, ikashika eneo lote. Mimea inayoota kwa mwaka juu ya ardhi ikawa karibu mara mbili. Hapo nikafurahi kama mfanyabiashara, nkasema sawa, mbolea imefanya kazi yake.

Halafu nikafika pale kwenye utafiti wa mwanasayansi Michelle Mack na wenzake, 2004, wa vipande vilevile vya Toolik. Walichimba chini baada ya miaka 20 wakapima kaboni yote, ya mimea na ya udongo. Mimea imeongezeka kweli, lakini udongo wa chini umepoteza zaidi ya kile mimea ilichoongeza, ukijumlisha vyote kila mita ya mraba imetoka na hasara ya karibu kilo 2 za kaboni. Yaani juu kumenenepa chini kumekonda na hesabu ya jumla ni hasara. Nimerudia ule ukurasa nikidhani Kiingereza kimenipita, hakijanipita. Mtu anayepita juu na ndege atasema mashallah kijani kimeongezeka, na ni kweli kimeongezeka, zile picha za Alaska zilizopigwa kwa ndege miaka ya 1940 wakaja kuzipiga upya miaka hamsini baadaye zinaonyesha vichaka vimejaza mabonde, lakini kijani hicho hakikwambii kilichotoka chini. Na ardhi ile iliyoganda ya kaskazini ina kaboni karibu mara mbili ya iliyoko hewani dunia nzima. Sasa mjomba anaposema inatuhusu nini, hewa ya Umeå na hewa ya Raskazone yetu hapa Tanga si moja?

Na kuna lile la theluji, nalo nimelielewa kwa sababu ulilieleza vizuri wewe mwenyewe kwenye ile voisi ya zamani ulipokuwa bado una furaha. Kichaka kikiwa kirefu kinanasa theluji inayopeperushwa na upepo, theluji inalala pale kama blanketi, udongo chini haugandi sana, vijidudu vinaendelea kuozesha hata kipupwe, majira ya joto yakifika chakula kipo tayari, kichaka kinaongezeka urefu kinanasa theluji zaidi. Na vile vitawi vyeusi vikichomoza juu ya weupe vinanyonya jua ambalo theluji ingelirudisha juu. Na huko Aktiki joto linapanda karibu mara nne ya dunia kwa jumla tangu 1979. Mie ningekuwa na nafasi yako ningelala humo kwenye vile vibanda vya plastiki visivyo na paa mnavyopashia mimea joto kule Abisko, kaskazini ya Uswidi.

Ila si kila mahali, na hilo ndilo linalonifanya niseme pete zako zina kazi. Ule utafiti wa 2015 wa maeneo 37 ulikuta vichaka vinafuata joto zaidi kwenye udongo wenye unyevu, penye ukavu joto halisaidii sana. Na kule wanakopita kulungu wa barafuni wakala machipukizi, kichaka kinabaki kifupi hata kama joto lipo. Kwa hiyo hakuna wa kukaa ofisini akabuni, lazima mtu apige magoti akate kijiti, akichane chembamba, ahesabu pete moja moja nyembamba kuliko unywele, mwaka huu kimekula, mwaka huu kimelala njaa. Mtu huyo ni wewe.

Sasa nije kwetu. Sie baridi yetu iko Kilimanjaro. Kule juu ya msitu kuna ule ukanda wa vichaka na miti ya erika, na Andreas Hemp aliyeuchunguza mlima ule miaka mingi ameonyesha mambo yanakwenda kinyume na Aktiki, joto na ukavu vimeleta moto, na moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Msitu ule unakinga maji ya ukungu. Na maji ya mlima ule yanaingia mto gani Mwanaidi? Si Pangani huohuo, unaopita Hale na kuzungusha mitambo ya umeme mpaka unamwagikia kwetu? Nani kati yetu atakwenda kule juu na kisu na hadubini kupima erika imekula nini baada ya moto, udongo umebaki na nitrojeni kiasi gani? Mie simjui mtu wa huku aliyefundishwa kazi hiyo kwa mikono yake kama unavyofundishwa wewe sasa hivi. Mkonge una watu wake, wapo wengi na wanajua, mwambie mjomba hivyo kwa adabu, au niachie mie nimwambie Ijumaa akija.

Pesa ya karo tulichanga kwa moyo mweupe, hakuna anayekudai, hilo litoe kichwani.

Haya nijibu. Tiketi umelipia au bado unaangalia bei tu? Msimamizi wako umemwambia umechoka, au unamchekea kama unavyofanyaga kwa kila mtu? Huyo dada wa Kikenya mliyekuwa mnapika naye kahama? Vidonge vya vitamini D unakunywa au vimekaa kabatini? Na pete je, ule mwaka uliosema umetoka mpana kuliko yote umeshajua sababu yake, joto au udongo? Erika za Kilimanjaro nazo zinaweka pete za mwaka zinazosomeka kweli, au kwa kuwa kwetu hakuna kipupwe kikali kama cha huko zinachanganyika? Utakuja likizo ya Julai nikupeleke Moshi tukaone? Andika hata mstari mmoja, mama yako kaniuliza mara mbili na sijajua nimjibu nini.

Shoga yako,
Mwanahamisi