Kabla hawajakukatia mtandao

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi sana. Mimi huku bwenini sijambo, hofu ni kwako. Najua nimekaa kimya tangu Idi, mitihani ilinibana. Ila juzi Mwajuma kaniambia jamaa wa TEHAMA chuoni kwenu wamekupa onyo kwa sababu ya torenti, huko kupeana vipande vya faili na watu wengine mtandaoni, na ile Ubuntu ya darasa lenu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, bado haijafika hata nusu. Nimeona nisilale kabla sijakuandikia.

Kwanza niambie, upande wa kupandisha, yaani vipande unavyowatumia wengine, umeuwekea kikomo? Mimi mwaka jana sikuweka, nikateseka wiki nzima. Kila kipande kinaposhuka, mashine yako hurudisha ujumbe mfupi kwamba kimefika. Ukiwa unapandisha kwa nguvu zote, ujumbe huo unakaa foleni nyuma ya mzigo unaowapelekea wengine, na anayekutumia kule haendelei mpaka aupate. Ndiyo maana kasi yako inakufa, na ya korido nzima pamoja nawe. Pima kasi ya kupandisha, uweke kikomo kwenye asilimia 80 hivi. Usiweke karibu na sifuri! Bram Cohen alipoitengeneza BitTorrent, mfumo wenyewe wa torenti, mwaka 2001 aliijenga kwa nipe nikupe, asiyetoa husubirishwa. Punguza na idadi ya miunganisho, maana mamia ya miunganisho ya mtu mmoja huilemea ruta ya bweni.

Yule anayekwambia ufungue milango (port) ya ruta ili watu wa nje wakufikie moja kwa moja, mwache. Ruta si yako, ni ya chuo, na ukiichezea onyo la pili litakuja na barua.

Lakini Saidi, kinachoniuma hasa ni kingine. Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Kwa KB 100 kwa sekunde ni zaidi ya saa 16. Sasa mko 30 darasani, kila mtu anavuta faili lilelile peke yake: GB 180 kwenye njia moja ya chuo, mchana, watu wanataka kusoma! Mnagombania maji ya bomba moja wakati ndoo moja iliyojaa ingewatosha wote.

Mmoja wenu ashushe saa 9 usiku, ahakiki SHA256, ile alama ya kuthibitisha kwamba faili halikuharibika, ili msigawane faili bovu, kisha mgawane kwa waya. Kwenye swichi ya gigabiti, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya, GB 6 zinapita kwa dakika moja au mbili, na intaneti haiguswi kabisa. Mkiendelea na torenti, qBittorrent, ile programu ya torenti, ina sehemu ya kutafuta wenzako walio kwenye mtandao uleule, iwashe. Wi-Fi za vyuo vingi huzuia mashine zisionane, kwa hiyo waya ndio wa kutegemea. Nina swichi yangu ya matundu 8, haina kazi. Deo anasafiri Jumamosi, nitampa akuletee. Na hao TEHAMA nenda kawaone mwenyewe, waombe waweke nakala moja kwenye seva ya chuo. Nenda kwa heshima tu, nao wanachoshwa na malalamiko hayo kila siku.

Onyo lenyewe ni la maandishi au la mdomo? Wamekupa siku ngapi? Chumbani kwenu tundu la waya bado linafanya kazi? Na nyaya mnazo, au nimwambie Deo apitie Kariakoo? Mama amepona? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali.

Wako,
Hamisi