Hamisheni muhuri na printa, mhasibu amalize hesabu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wakuu wa ofisi ndogo, zile za chumba kimoja ambamo mhasibu, karani wa stoo, ofisa mauzo na mtu wa mapokezi wanabanana pamoja. Kila mwisho wa mwezi lawama ni ileile: hesabu hazifungi, wahasibu wazembe. Sisi tulio kwenye kazi hii tunasema, kabla hamjamwandikia mtu barua ya onyo, nendeni mkatazame meza yake ina nini.

Mara nyingi ina muhuri wa ofisi. Pembeni ipo printa ya wote, kwa sababu soketi inayofanya kazi iko kwenye ukuta huo. Nyuma yake kabati la mafaili, na juu ya kabati chupa ya chai. Anayetaka kugonga muhuri, kuchukua karatasi yake au kumimina chai lazima apite hapo, na kwetu mtu hapiti mbele ya mwenzake kimya kama jini. Atasalimia, ataulizia watoto, atajibiwa. Hana kosa. Kosa ni la aliyepanga chumba.

Hasara yake iko kwenye vitabu. Mhasibu anaingiza kitabuni vocha ya malipo ya shilingi 1,845,000, katikati ya tarakimu anaulizwa, "Ile risiti ya mafuta umeiona?" Anajibu, anarudi, anaandika 1,485,000. Tofauti ni 360,000. Ukiigawanya kwa 9 unapata 40,000 kamili, na tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki inakwambia ushuku kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. Isipogawanyika, igawanye kwa 2 kisha kitafute kiasi hicho, huenda kimeingizwa debiti, upande wa kushoto wa hesabu, badala ya krediti, upande wa kulia. Mbinu hizi zinasaidia, ila kama makosa ni mawili au matatu yaliyochanganyikana, hazifui dafu, na swali lile la sekunde 10 litawagharimu mchana mzima wa kupekua vocha.

Mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyefuatilia wafanyakazi wa maofisini Marekani, alikuta kwamba mtu aliyekatizwa huchukua wastani wa dakika 23 na ushei kuirudia kazi aliyoiacha, kwa kuwa njiani hushika mambo mengine. Huko ni Marekani, ambako salamu ni neno moja.

Tunachopendekeza si ukimya wa kutwa nzima, maana hiyo ni ofisi, si maktaba. Tunaomba saa mbili tu, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na si kila siku: kuanzia tarehe 1 hadi 7, siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, kwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na kuanzia tarehe 15 hadi 20, mwisho wa ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kuanza saa 2 asubuhi hakufai. Watu ndiyo kwanza wanatoka kwenye foleni, chapati bado ziko mezani. Hiyo saa ya kwanza mhasibu aitumie kuzunguka meza zote kusalimia, ili ikifika saa 3 asiwe na deni la salamu kwa yeyote.

Malipo ya fedha taslimu ndiyo yanayovunja utaratibu huu kuliko kitu kingine. Dereva anataka ya mafuta, tarishi anataka nauli ya bodaboda, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja ana haraka. Wekeni nyakati mbili, saa 5 na saa 9 alasiri, na anayejua atasafiri asubuhi achukue fedha yake jana yake. Mzigo uliokwama bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda, huo ni dharura, mhasibu ainuke. Mchango wa kitchen party si dharura.

Simu nayo. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, iingie droo. Kundi la kamati ya harusi linyamazishwe, na WhatsApp inakupa kuchagua muda wa saa nane, wiki moja au daima; ila ukitajwa jina kwenye kundi arifa bado italia, ndiyo maana wengi hudhani wamenyamazisha vibaya. Mwenye mtoto shuleni au mgonjwa nyumbani asizime kabisa. Kwenye simu nyingi za Android kuna hali ya kuzuia usumbufu inayoruhusu anayerudia kupiga ndani ya dakika 15. Waambie nyumbani: likiwa jambo zito, pigeni mara mbili mfululizo.

Ukikatizwa pamoja na hayo yote, usiinue kichwa kabla hujatia alama ya penseli kwenye vocha uliyofikia na kuandika neno moja la kinachofuata. Rula iwe chini ya mstari muda wote. Mgeni akifika, simama, mpeleke kwenye benchi la nje mmalizie huko, maana akishapewa kiti mbele yako hatoki kabla ya chai.

Hatuwashauri wenzetu kutegemea spika za masikioni. Bosi akiita mara mbili usisikie, utakuwa umeongeza kesi, na nyimbo zenye maneno humchanganya anayesoma maandishi. Jenereta likinguruma kutwa, mtu hulizoea. Simu ya jirani, ambayo unasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, haizoeleki.

Bosi mwenyewe ndiye huvunja saa hizi wiki ya kwanza, kwa "njoo mara moja" isiyo mara moja. Awe na daftari la maagizo mezani kwake, aandike, mhasibu alipitie saa 5. Na muhuri uhamie mapokezi leo, hauna uzito. Printa ifuate, kama kikwazo ni soketi, nunueni ekstenshen ya mita 5, mkiipitisha kando ya ukuta watu wasijikwae.

Wahasibu wawili,
Dar es Salaam