Mhariri, hilo sanduku la kijani linamwagwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Nimesoma gazeti lenu miaka na miaka, nakereka, nalikunja, naendelea na shughuli zangu. Ila ile ripoti yenu ya taka za kielektroniki, ile yenye picha ya mtoto anacheka kashika kibodi mbovu, hiyo imenikaa kooni. Ukurasa mzima mnatuambia wananchi ni wazembe, tumejaza simu mbovu kwenye madroo, hatujali mazingira, tubadilike. Halafu mwisho kabisa mstari mmoja tu, tupeleke vifaa kwenye sanduku la kukusanyia lililo karibu. Basi, ripoti imeisha. Hivi kuna mwandishi wenu hata mmoja aliyeuliza hayo masanduku yakijaa yanaenda wapi?

Mimi niliuliza. Kwenye jengo ninalofanyia kazi tuliletewa sanduku kama hilo, la kijani, limebandikwa stika ya mishale inayozunguka, siku ya uzinduzi tukaitwa wote tupige picha, wakubwa wakakata utepe, makofi. Baada ya hapo likasukumwa kwenye korido ya kwenda chooni, nyuma ya mlango, yaani mlango ukifunguliwa sanduku halionekani. Nikaleta laptopu yangu ya zamani na simu moja ambayo betri ilishavimba mpaka kava la nyuma limebinuka, skrini imeachia fremu, ukiiweka mezani inayumba. Kabla sijaitumbukiza nikamwona mzee wa usafi anapita na ndoo, nikamwamkia, nikamuuliza, mzee hivi hili sanduku huwa linamwagwa na nani? Akanijibu wala hakusimama: "Ni mimi mwanangu. Likijaa nalimwaga kwenye kiroba, gari la taka likija natupia humo humo na zingine." Nikamuuliza, glavu wamekupa? Akacheka. Akaniambia siku moja kitu kilianza kufuka moshi ndani ya kiroba, kinatoa sauti kama nyoka, akakiburuta mpaka nje ya geti akakimwagia mchanga, na hakuna mkubwa yeyote aliyemuuliza kilichotokea.

Sasa Mhariri hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia na mpaka leo hazijashuka, maana wale waliokata utepe ukiwauliza watakwambia mradi unaendelea vizuri na wana picha za kuonyesha, wakati mzee wa watu anabeba betri za lithiamu kwa mikono mitupu. Betri ya lithiamu ikikandamizwa au ikitobolewa, zile tabaka za ndani zinagusana, joto linapanda, joto lenyewe linazidi kuichochea, na ikishashika moto kuuzima ni kazi, unadhani umezimika kumbe unawaka tena. Halafu hiyo hiyo unaitia kwenye gari la taka lenye mtambo wa kushindilia, juu ya karatasi na plastiki! Magari ya taka na maghala ya kuchambulia taka yanaungua huko duniani kwa sababu hii hii, zimamoto wanalisema kila siku, na ripoti yenu nzima haina neno betri. Neno mazingira nimeliona karibu kila aya.

Na hizo takwimu mlizozirusha mngezisoma vizuri mngeandika ripoti nyingine kabisa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, ndivyo ilivyosema ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3. Kwahiyo tani zaidi ya milioni 48 hazina maelezo. Mnataka kuniambia zote zimo kwenye droo yangu?

Zimo majaani, zimo kwenye makontena, nyingine zimo mikononi mwa vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Agbogbloshie, lile jaa la chakavu kule Accra, Ghana, lililobomolewa mwaka 2021, kila mtu ameona picha, watu walikuwa wanakusanya nyaya, wanaziwasha moto, ile plastiki ya juu inaungua, shaba inabaki, wanaenda kuuza. Moshi wa ile plastiki una sumu inayoitwa dioksini, na dioksini haipotei moshi ukipotea, inatua ardhini, kuku wanadonoa. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wanajitafutia pale, wakakuta mtu mzima akila yai moja tu anapitisha kiwango cha dioksini cha siku kilichowekwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mara 220. Yai moja Mhariri. Guiyu kule Uchina nako miaka mingi watu walikuwa wanapasha bodi za kompyuta moto kwenye majiko ili madini ya risasi yayeyuke wachomoe vipuri, dhahabu wanaitoa kwa tindikali, maji yakishatumika yanamwagwa mtoni, na watoto wa pale walipopimwa damu walikutwa na risasi nyingi.

Ndio maana ile picha yenu ya mtoto imeniudhi. Mtoto akimeza risasi mwili wake unaifyonza mara 4 mpaka 5 kuliko mtu mzima, na ikifika kwenye ubongo unaokua imeharibu, hakuna dawa ya kurudisha. TV za kichogo zile za zamani, kile kioo chake kina risasi ya kupimwa kwa kilo. Skrini bapa za mwanzo zina vijitaa vyembamba vya zebaki ndani. Betri za zamani za kuchaji zina kadimiamu, nayo ni sumu. Sasa nyie mnamtafuta mtoto, mnampa kibodi, anacheka, mnapiga picha! Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto na taka hizi hizi, hata kuipitia kwa haraka mlishindwa?

Halafu kuna upande wa mali, mnaujua lakini mliupita. Ndani ya tani moja ya simu mbovu kuna dhahabu nyingi kuliko ndani ya tani moja ya mawe ya mgodini, na siyo kidogo, ni mara nyingi sana. Kuna shaba, fedha, paladiamu, kobalti kwenye betri, na hiyo kobalti sehemu kubwa inachimbwa Congo, kuna mahali watoto wanaingia mashimoni kuifuata. Kila gramu tunayoipata kwenye simu iliyokufa ni gramu ambayo hakuna mtu ameiingilia shimoni. Wajapani waliamua tu: kwa miaka 2, 2017 mpaka 2019, wakakusanya simu zaidi ya milioni 6 na vifaa vingine vidogo, wakatoa kilo 32 za dhahabu pamoja na fedha na shaba, wakatengeneza medali kama 5,000 za Olimpiki ya Tokyo. Unajua walizikusanyia wapi? Kwenye maduka ya simu na ofisi za serikali za mitaa, mahali mtu anapita kila siku. Hawakuficha sanduku nyuma ya mlango wa choo.

Hilo la droo nalo nalijibu. Watu hawaweki simu mbovu kwenye droo kwa uvivu. Wanaogopa. Mle ndani kuna picha za watoto, meseji za mume na mke, namba za siri za benki, simu haiwaki huwezi hata kufuta, sasa wewe unaniambia niitumbukize kwenye sanduku lisilo na kufuli? Mtu akinihakikishia hapo hapo mbele ya macho yangu kwamba kile kichipu cha kumbukumbu kinatobolewa na drili, kesho nakuja na droo nzima.

Na kwa kuwa nimeshaanza acha nimalize. Wanaotengeneza hivi vitu mbona hamkuwagusa? Zamani simu betri ikichoka unafungua mfuniko kwa ukucha, unaweka nyingine, safari inaendelea. Siku hizi wameigundisha kwa gundi, fundi anaipasha moto, anaibandua kwa kadi, anaomba Mungu skrini isipasuke, ukiuliza bei ya kazi yote unaona bora ununue mpya, na hicho ndicho walichokuwa wanakitaka. Kuna nyingine haina tatizo lolote ila wameacha kuipa masasisho, programu ya benki inakataa kufunguka, simu nzima nzuri inageuka taka siku hiyo. Printa ndo usiniambie, wino wa rangi moja umeisha inagoma kuskani! Kuskani kunatumia wino gani? Ulaya wameshachoka, kuanzia Februari 2027 sheria yao inataka betri ya kifaa iweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Kumbe inawezekana, ni kulazimishwa tu.

Na msiseme sheria hakuna. Mkataba wa Basel, wa dunia wa kudhibiti taka hatari zinazovushwa mipaka, ni wa 1989, wa Bamako, wa Afrika wa kuzuia taka hizo zisiletwe kwetu, ni wa 1991, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka ya kielektroniki ya aina yoyote haivuki mpaka kabla nchi inayopelekewa haijakubali kwa maandishi. Ujanja ni ule ule, kontena linaandikwa "vifaa vilivyotumika", mlangoni wanapanga monita tano zinazowaka, nyuma yake ni chakavu mpaka mwisho.

Mnataka suluhisho, haya. Kila anayeuza kifaa akipokee cha zamani pale pale kaunta, bure. Ulaya duka lenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la mita za mraba 400 kwenda juu linatakiwa kupokea kifaa chochote cha umeme kisichozidi sentimita 25 hata kama hununui kitu. Pili, kila sanduku liwe la plastiki angavu, betri zikae kwenye kopo lake lenye mchanga, ufunguo awe nao mtu mwenye jina, na pembeni pabandikwe karatasi: limemwagwa lini, kilo ngapi, amepokea nani, saini. Likikutwa halina karatasi, basi wote waliokata utepe wapewe kila mmoja kiroba chake akakae nacho chumbani kwake, karibu na mto, kuanzia na zile zilizovimba.

Laptopu yangu bado ninayo na simu nimeiweka nje kwenye kopo la mchanga mbali na watu. Andikeni kwamba mimi ni mzembe, sawa tu. Ila mkituma mwandishi afuate sanduku moja tu mpaka linapoishia, mtuambie pia kompyuta za chumba chenu cha habari, zile mlizobadilisha, mlimpa nani na alizipeleka wapi.

Msomaji wenu wa siku nyingi