Kamera za alfajiri, tunaanza kesho

Jamani habari za jioni, wa Mombasa, Kilifi, Tanga na Dar, naombeni kesho tutege kamera zote saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, dirisha linaloangalia bahari, tunase mvua ya asubuhi inavyoanza. Si mnajua sasa ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini, usiku nchi kavu inapoa, umande, yaani upepo wa kutoka bara, unashuka kwenda baharini, kule unakutana na kusi yenye unyevu, hewa haina pa kwenda inapanda juu na mawingu yanajipanga mstari, ndo maana mvua nyingi zinatukuta asubuhi.

Yangu juzi ilinasa vizuri mno, moshi wa jiko la jirani unaelekea baharini, mara ukasimama wima, halafu ukageuka kurudi bara na mvua ikaingia nyuma yake!

Simu ya zamani inatosha. Picha moja kila sekunde 10 ni picha 1,080, ukizicheza 24 kwa sekunde unapata video ya sekunde 45. Futeni chumvi kwenye kioo usiku, tafadhali sana. Na saa ya simu iwe otomatiki, tukipishana hata dakika tano hatutajua mvua ilianzia kwa nani. Video zitumeni kama faili, zikibanwa mawingu hayaonekani.