Barua kwa mwanangu Rehema, opereta

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi huku hatujambo. Mama yako alisumbuliwa na mafua wiki iliyopita, lakini amepona na yuko shambani kama kawaida. Bibi anakusalimia na anauliza kama Dar es Salaam unakula vizuri.

Picha yako niliiona juzi kwenye simu ya mjomba wako. Umesimama mbele ya mtambo, kofia ngumu kichwani, na nyuma yako mkono wa chuma umeelekea angani. Niliitazama mpaka mjomba wako akaomba simu yake. Nimefurahi sana, mama. Lakini usiku huo sikupata usingizi, na ndiyo maana nakuandikia.

Ulipokuwa darasa la tatu ulizoea kuniuliza kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kilikwenda wapi, nami nikawa nakujibu kwamba mashine ilikikata. Haikukikata. Sikutaka kukueleza mambo ya kutisha, na baadaye nikaona limeshapita. Sasa umeshika kazi ileile niliyoishika mimi, kwa hiyo lazima ujue ilivyokuwa.

Ilikuwa jioni, tumebakiza kipande kidogo cha mtaro, na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Paipu moja ya haidroliki, zile zinazopitisha oili ya kusukuma mtambo, ilikuwa inatoa jasho chini ya bumu, yaani ule mkono wa chuma. Haikuwa inadondosha oili, ilikuwa na unyevu tu na kitu kama mvuke mwembamba. Injini ilikuwa inanguruma. Mimi nikapitisha kidole kwenye ile paipu kutafuta panapovuja, kama mtu anavyotafuta tundu kwenye tyubu ya baiskeli. Nikahisi nimechomwa na mwiba. Nilipotazama, niliona kitone kidogo kuliko kichwa cha pini, wala damu haikutoka. Nikajifuta na tambara, nikamalizia mtaro.

Usiku kidole kikavimba kikawa kama ndizi. Asubuhi nilikwenda zahanati, na kosa langu la pili nililifanya hapo: nilisema nimechomwa na waya. Wakanisafisha, wakanifunga bendeji, wakanipa dawa za maumivu. Walitibu nilichowaambia. Siku ya tatu, mkono ukiwa umekufa ganzi, ndipo nilipofika kwa daktari wa upasuaji. Alipopasua alikuta oili imeshafika kwenye kiganja. Kiganja alikiokoa. Kidole kilikuwa kimeshakufa.

Sasa sikiliza hesabu hii. Presha hupimwa kwa baa, na upepo ndani ya tairi la lori ni kama baa 8. Ndani ya paipu za mtambo wako, bumu inapobeba mzigo mzito, presha inaweza kupita baa 300. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo haimwagiki, inapenya. Inaingia chini ya ngozi bila kelele na kuanza kuua nyama. Ndiyo sababu haitishi macho: jeraha linafanana na la sindano, na saa za mwanzo maumivu ni kidogo.

Kwa hiyo paipu ikitoa jasho, zima injini. Ukitaka kujua panapovuja, pitisha kipande cha boksi au ubao ukiwa umevaa miwani, wala si mkono, hata ukiwa na glovu, maana glovu haizuii chochote hapo. Na ikitokea umechomwa, wewe au tingo wako, usisubiri maumivu, usisubiri bosi arudi, usiseme nitakwenda kesho. Nenda saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji na useme maneno haya: oili ya presha kubwa imeingia chini ya ngozi. Uwe na jina la oili umeliandika kwenye karatasi. Wakikuambia ni mchubuko tu, rudia maneno hayohayo mpaka mtu akusikilize. Huu ni ugonjwa wa saa chache, mama. Mimi nilichukua siku tatu.

Jambo jingine linalotokana na hilohilo: mtambo uliozimwa bado una nguvu ndani yake. Vijana wengi wakizima injini huona wamemaliza, wakashika spana. Oili iliyobanwa ndani ya paipu haijui kama ufunguo umeutoa. Kabla hujalegeza nati yoyote, teremsha baketi, lile koleo la mwisho wa bumu, mpaka ikae chini kabisa, zima injini, kisha chezesha leva zote pande zote mara kadhaa kama kitabu cha mtambo kinavyoelekeza ili presha itoke. Kifuniko cha tangi la haidroliki kifungue polepole, oili ikiwa imepoa. Na bumu iliyo juu inashikiliwa na oili tu. Paipu moja ikipasuka inashuka yote. Usiinamishe kichwa chini yake, na usimruhusu tingo apite hapo hata kwa dakika moja kuokota spana iliyoanguka.

Nimeona kwenye picha kwamba mtambo wenu si eskaveta ya mikanda, ni ile ya juu ya lori, yenye mkono unaotoka na kurudi ndani kama eriali ya redio ya zamani. Mimi niliutumia wa namna hiyo miaka minne na niliupenda kuliko mashine zote. Wazo lake lilianzia Cleveland, Marekani, miaka ya 1940, wakati wa vita, vijana wengi wakiwa jeshini na vibarua wa kusawazisha kingo za barabara wamekuwa adimu. Ndugu wawili wa ukoo wa Ferwerda, wakandarasi wa barabara, wakatafuta mashine itakayofanya kazi ya watu wengi wenye koleo. Wakapata mkono huu unaorefuka na kujigeuza kama kiganja. Ndiyo maana unafaa sana kwa mitaro ya Dar: unaingia chini ya daraja, unakwangua ukingo bila kuubomoa, na ukimaliza unaendesha mwenyewe hadi mtaro unaofuata bila kusubiri loobedi, trela la kubebea mitambo.

Lakini lori ni lori. Lina tairi na spring, vyote vinanesa. Usichimbe kabla miguu yote minne ya chuma ya kulitegemeza lori haijashuka na kubeba uzito. Weka mbao nene chini ya kila mguu, hata kwenye lami, kwa sababu lami ya Dar saa nane mchana inabonyea. Mwaka 2010, baada ya mafuriko ya Kilosa, tulikuwa tunarekebisha tuta karibu na mto Mkondoa. Ardhi juu ilikuwa imekauka, imepasuka kabisa, nikaiamini. Chini yake kulikuwa na tope bichi. Nilipozungusha bumu kuelekea ubavuni, mguu wa kulia ukazama na lori zima likaanza kuinama. Nilichofanya ni kuteremsha baketi chini mara moja, ikawa kama mguu wa tano. Niliokolewa na hilo na mkanda wa kiti. Mtambo ukianza kulala usiruke nje, maana utaangukia upande uleule unaoangukia wenyewe. Jifunge mkanda, shikilia, baki ndani.

Tangu siku ile nilijifunza kwamba mtambo una nguvu nyuma na ni dhaifu ubavuni. Panga lori ili kazi nzito iwe nyuma. Na usisogeze miguu karibu na ukingo wa mtaro: ukichimba mita 2, kaa mbali na ukingo mita 2 au zaidi. Msimu wa masika ongeza.

Nyaya za umeme unazijua, ila nakukumbusha kwa sababu mkono wako unarefuka, na opereta akikazia macho chini anasahau uliko juu. Kwa njia za TANESCO za kilovoti 11 na 33 acha mita 3 kamili kati ya chuma na waya, na kwa zile kubwa zaidi usianze kabla wao wenyewe hawajaja. Weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama waya tu, asipewe nyingine. Ikitokea umegusa, baki ndani, jaribu kuondoa bumu, piga kelele watu wasisogee. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka miguu yote miwili pamoja bila kushika mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha.

Chini ya ardhi nako kuna mambo. Mabomba ya DAWASA, nyaya, na vitu ambavyo havimo kwenye ramani yoyote. Uliza wazee wa mtaa. Mara nyingi mama anayeuza maandazi pembeni anajua bomba lilipita wapi kuliko mchoro wa ofisini.

Na watu, Rehema. Mitaa yetu mtambo ukianza kazi watoto wanajaa kutazama. Nyuma ya kebini unapozungusha kuna nafasi ndogo inayombana mtu kati ya chuma na chuma. Zungushia utepe, na kama utepe haupo tafuta kamba. Mtoto akivuka, simama. Kibarua akitaka kushuka kwenye mtaro wa mita moja na nusu au zaidi ambao kuta zake hazijazuiwa kwa mbao, mkatalie. Mita moja ya ujazo ya udongo ni kama tani moja na nusu, ukilowa inazidi. Ukimwangukia mtu hatuna muda wa kumfukua.

Matunzo ya kila siku nitakueleza kwa ufupi, mengi umeyasoma VETA. Piga grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, na ukiwa umefanya kazi majini piga jioni, si asubuhi, ili grisi isukume maji nje kabla ya kulala nayo. Usisahau rola za ndani ya bumu, kila mtu anazisahau kwa sababu hazionekani. Maji ya matangi ya upepo yatoe kila siku, na usiondoe lori kabla upepo wa breki haujajaa. Nati za magurudumu ziguse kwa spana.

Oili ya haidroliki ndiyo damu ya mtambo, na adui yake mkubwa ni uchafu. Nafasi kati ya vyuma ndani ya pampu ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Vumbi usiloliona ndilo linalokwangua. Kabla ya kufungua tangi au filta, osha na ufute kwanza kwa nje. Usimimine oili kutoka kwenye dumu lililokaa wazi. Ukiona imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka kuungua, mtambo unapata joto kupita kiasi, tazama rejeta kama haijazibwa na manyoya ya sufi na vumbi. Pampu ikilia kama inasaga kokoto, inameza hewa, zima haraka. Na upimaji: rudisha silinda zote kama kitabu kinavyosema ndipo usome kiwango. Kuna tingo wangu aliwahi kuongeza lita 20 bumu ikiwa imenyooshwa, akidhani imepungua. Niliporudisha bumu, oili yote ikafurika juu ya lori.

Kabla ya kuondoka kwenda eneo lingine, rudisha bumu kwenye kitako chake, funga pini ya kuzuia isizunguke, pandisha miguu, kata pampu. Zunguka lori kwa miguu yako mwenyewe, usimtume mtu. Pima kimo chake kwa futi siku moja, andika namba kwa rangi ndani ya kebini ya chini, uwe unaiona kila ukikaribia daraja.

Bosi atakuja kukuharakisha, najua. Mimi pia nilikuwa naharakishwa ile jioni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe mtambo ulio salama na vifaa vya kujikinga, na inakutaka wewe utoe taarifa ukiona hatari. Toa kwa maandishi, kwa adabu, weka nakala. Wewe ni mwanamke kwenye kazi ambayo wengi wanatazama uteleze. Watasema unaogopa. Acha waseme, zima injini.

Kifurushi nimekituma kwa basi la Alhamisi. Ndani kuna bamia kavu za bibi, miwani mbili za kazini, moja yako na moja ya tingo, na daftari langu la kahawia. Humo niliandika kila mtambo niliofanyia kazi, saa zake, lini nilibadilisha filta, lini paipu ilichoka. Kurasa za nyuma bado ni tupu, zitumie. Kama mtambo wenu una injini mbili, ya lori na ya bumu, andika saa za kila moja peke yake. Ukipata daftari nipigie kwa simu ya mjomba, uniambie mita ya mtambo inasoma saa ngapi za kazi, na ile paipu inayopita chini ya bumu, upande wa kushoto, ina hali gani.

Ni mimi, baba yako.